Asili ya Timu ya Wanalambalamba

Wazee wetu na wanachama, wengi wetu tulilijua jina la Azam kwa uchungu, tarehe 2 Agosti 2015, timu hiyo ilipoishinda Gor Mahia mabao 2 kwa 0 mjini Dar es Salaam na kutwaa Kombe la Kagame. Yafaa basi tujue ilikotoka.

Kampuni ya Bwana Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar aliyeanza na mkahawa mdogo, husaga unga na kutengeneza aiskrimu. Timu ilianza mwaka 2004 kwa wafanyakazi wake waliocheza mpira baada ya kazi, kwa kujiburudisha tu. Kampuni ikailea: mwaka 2008 ikaingia Ligi Kuu ya Tanzania, na mwaka 2014 ikapata ubingwa pasipo kushindwa mchezo hata mmoja.

Watu waliipa jina la Wanalambalamba, kwa ajili ya barafu tamu ziuzwazo njiani. Wengine hulitaja kwa dhihaka. Mimi naliona la heshima, maana lataja kazi iliyowalisha.

Kiwanja chao cha Chamazi huingiza watazamaji wapatao 10,000. Hata Simba na Yanga, wapinzani wao wakuu, wamepata kukitumia kwa michezo yao ya nyumbani.