Oili Ndani ya Bomba la Hewa: Historia ya Tuhuma Moja Kibirichia

Bomba la hewa la gari la dizeli lenye turbo likifunguliwa na kukutwa limelowa oili nyeusi inayonata, hukumu ya kwanza gerejini mara nyingi huwa kwamba turbo imekufa. Hukumu hiyo ina historia yake, na Kibirichia, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, ni mahali pazuri pa kuifuatilia. Hapa mkulima huishi kwa viazi, navyo viazi ni mzigo mzito, huoza, na hutakiwa sokoni mbali. Bila injini ya dizeli havina bei. Hoja yangu ni kwamba oili ile aghalabu si ngeni. Imekuwako tangu trekta na malori ya kwanza yalipofika nchi hii ya Buuri. Kilichobadilika ni njia inayopita na mahali inapotuama.

Injini yoyote ya pistoni huvujisha gesi kidogo kandokando ya ringi, hata ikiwa mpya. Gesi hiyo hushuka kwenye chumba cha chini chenye oili, ikajichanganya na mvuke wa oili, na lazima ipate pa kutokea, la sivyo sili zitafumuka. Katika trekta za Massey Ferguson zenye injini za Perkins, na katika malori ya zamani kama Bedford, ilitolewa kwa bomba la kupumulia lililoelekezwa chini. Oili ilidondoka barabarani, mwenye gari akaliona doa, akalizoea. Pikapu za Kijapani zilizofuata, Hilux kwa mfano, zilikuwa na mpira uliorudisha mvuke huo kwenye njia ya hewa ili uchomwe pamoja na dizeli. Doa likatoweka, ila oili haikutoweka. Kwa kuwa kati ya eya klina na injini hapakuwa na kifaa cha bei kubwa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuchungulia humo.

Turbo yenyewe ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, mita 4,300 hivi, akathibitisha kwamba turbo hurudisha nguvu ambazo hewa nyepesi ya mlimani huzipunguza. Jaribio hilo linaihusu Kibirichia moja kwa moja: penye mwinuko wa mita 2,000 hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu moja ya tano, na injini isiyo na turbo hulipa pengo hilo kwa moshi mweusi na gia ya kwanza. Gari dogo la kwanza la dizeli lenye turbo kuuzwa kwa umma, Mercedes-Benz 300SD, lilitoka mwaka 1978. Kenya, magari ya namna hiyo yaliongezeka baada ya milango ya biashara kufunguliwa miaka ya 1990, mitumba ya Japani ilipoanza kuingia kwa wingi, na baadaye zikaja Hilux za D-4D na Isuzu D-Max.

Pamoja na turbo ilikuja intakula, na hapo ndipo kiini cha jambo lote. Mpira wa kupumulia huunganishwa kabla ya turbo, kwa hiyo mvuke wa oili humezwa, husukumwa, kisha huingia kwenye intakula, ambako hewa hupozwa. Oili hugeuka matone na kutuama mahali pa chini kabisa. Katika magari yanayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini, masizi hukutana na oili hiyo mbele kidogo na kufanya lile tope zito linaloziba manifoldi. Kwa mara ya kwanza, oili iliyokuwa ikidondoka barabarani au kuchomwa kimya ikapata chombo cha kuihifadhi, jirani na kifaa ghali chenye oili yake yenyewe. Tuhuma ilikuwa imepata mtu wa kushikwa.

Sisemi kwamba mafundi ni wajinga. Kenneth King, katika kitabu chake The African Artisan cha mwaka 1977, alionyesha jinsi mafundi wa Kenya walivyofundishana kazi nje ya shule. Elimu ya namna hiyo ni imara kwa injini ambayo mwalimu ameifungua mara mia. Turbo ilikuja imefungwa, bila kitabu. Tena hukumu ile huonekana kuthibitika: anayebadilisha turbo huosha mabomba na intakula, na kwa miezi kadhaa mabomba hubaki makavu. Sifa huiendea turbo mpya, ilhali aliyeyakausha ni petroli na kitambaa.

Kuna pingamizi la haki. Turbo hufa kweli, na ikifa vibaya injini huweza kuinywa oili yake kama dizeli, ikanguruma isizimike hata ufunguo ukichomolewa. Anayehofia hilo ana sababu. Lakini turbo inayokufa huacha ushahidi mwingine: moshi wa buluu, mlio mkali, oili inayoshuka kwenye kijiti kila wiki, mapanga yaliyokwaruza nyumba yake. Shafti ya turbo ikicheza kidogo kwenda kando ni kawaida, maana huelea juu ya utando wa oili. Ikicheza kwenda mbele na nyuma ndipo pa kuogopa. Na bomba likiwa limelowa hata kabla ya turbo, pale mpira wa kupumulia unapoingilia, chanzo kinajulikana.

Mazingira ya Kibirichia nayo hudanganya. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na oili huzuiwa na ringi ndogo za chuma zinazotegemea shinikizo la upande wa pili. Vumbi la kiangazi likiziba eya klina, turbo hunyonya kwa nguvu na kuivuta oili nje ya ringi zake. Gari likishuka kutoka mita 2,000 hadi Isiolo, kwenye mita 1,100 hivi, mguu ukiwa nje ya eksileta, shinikizo hupungua na oili hupata upenyo vilevile. Bomba linaloirudisha oili kutoka turbo halina pampu, hutegemea mteremko tu. Gundi ya gasketi iliyopakwa kupita kiasi yatosha kuliziba. Katika hali zote hizi turbo ni nzima.

Njia ya kuamua haihitaji kompyuta. Mabomba huoshwa, eya klina hubadilishwa, na mpira wa kupumulia huelekezwa kwa muda kwenye chupa badala ya njia ya hewa, mdomo wa bomba ukizibwa vumbi lisiingie. Mabomba yakibaki makavu huku chupa ikijaa haraka, ringi za pistoni zimechakaa, na turbo yoyote itakayonunuliwa italowa oili ileile.