Umeandikiwa K66.0 au A18.3? Zijue namba za magonjwa ya mesenteri

Kama umewahi kulazwa Temeke, Mwananyamala au hospitali nyingine yoyote kwa tatizo la tumbo, huenda kwenye karatasi ya kuruhusiwa au fomu ya bima uliona herufi na namba kama K66.0. Wengi hudhani ni namba ya faili. Siyo. Hilo ni jina la ugonjwa wako kwa lugha ya namba, na likikosewa linaweza kukuletea usumbufu kwenye matibabu na malipo.

Mesenteri ni kitu gani?

Ukisafisha utumbo wa mbuzi utaiona: ule utando wenye mafuta na mishipa ya damu unaoushikilia utumbo usining'inie ovyo. Binadamu naye anao. Ndani yake hupita damu inayolisha utumbo, na kuna tezi nyingi za kinga.

Mwaka 2016, J. Calvin Coffey wa Chuo Kikuu cha Limerick, Ireland, pamoja na mwenzake, walichapisha hoja kwamba mesenteri ni kiungo kimoja kamili, si vipande vipande kama ilivyozoeleka kufundishwa.

Namba zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iitwayo ICD-10. Ilipitishwa mwaka 1990 na nchi wanachama zikaanza kuitumia mwaka 1994. Herufi na tarakimu mbili za mwanzo zinataja kundi la ugonjwa. Herufi K, kwa mfano, ni magonjwa ya mfumo wa chakula. Tarakimu baada ya nukta inataja aina yenyewe.

Orodha hiyo iliandikwa zamani kabla ya hoja ya 2016, hivyo mesenteri haina kundi lake peke yake. Magonjwa yake yametawanyika, na hapo ndipo mwandishi wa fomu huteleza.

Namba utakazokutana nazo

- K65.0: uvimbe wa ghafla wa utando wa tumbo. Jipu la mesenteri linaingia hapa.
- K66.0: utando au utumbo kugandana, mara nyingi baada ya upasuaji. Kama kugandana huko kumeziba utumbo, namba ni K56.5. Kama ni ndani ya nyonga ya mwanamke, ni N73.6.
- K55.0: damu kukatika ghafla kwenye utumbo, mfano bonge la damu kuziba mshipa wa mesenteri. Hii ni dharura.
- K56.2: utumbo kujisokota. Tatizo hili si geni Afrika Mashariki.
- I88.0: tezi za mesenteri kuvimba. Huwapata sana watoto, na maumivu yake hufanana na ya kidole tumbo.
- A18.3: kifua kikuu cha utumbo, utando wa tumbo au tezi za mesenteri. Ndiyo, TB haikai kwenye mapafu tu.
- C48.1: saratani iliyoanzia kwenye utando wa tumbo, mesenteri ikiwemo.
- S36.8: jeraha la mesenteri, mfano baada ya ajali ya bodaboda. Damu ikijaa tumboni bila ajali, namba ni K66.1.

Kama daktari bado hajajua chanzo, ni sahihi kabisa kuandika R10, yaani maumivu ya tumbo. Kosa ni kuiacha R10 hadi mwisho wakati vipimo vimeshatoa jibu.

Kwa nini ikuhusu?

*Matibabu.* Chukua mgonjwa wa TB ya tumbo aliyeandikiwa K65 badala ya A18.3. Akihamia kituo kingine, anayepokea karatasi anasoma uvimbe wa kawaida. TB inahitaji dawa za miezi kadhaa, na Tanzania hutolewa bure. Namba isiyo sahihi inaweza kumchelewesha mtu kuzipata.

*Bima.* NHIF na bima nyingine hulinganisha ugonjwa na huduma iliyotolewa. Fomu yenye "maumivu ya tumbo" pamoja na gharama za upasuaji mkubwa lazima izue maswali.

*Takwimu.* Taarifa za zahanati na hospitali huingia kwenye mfumo wa MTUHA, na Wizara ya Afya huzitumia kupanga dawa na wataalamu. Ugonjwa usioandikwa kwa jina lake hauonekani kwenye mipango.

Ufanye nini?

1. Kabla hujaondoka, omba ugonjwa uandikwe kwa maneno, si namba peke yake.
2. Ukipewa rufaa, tuseme kutoka zahanati ya Mbagala kwenda hospitali ya mkoa, hakikisha majibu ya vipimo yameambatanishwa.
3. Tunza karatasi ya kuruhusiwa. Ukifanyiwa upasuaji leo, itahitajika hata miaka kumi ijayo.
4. Namba ikikuchanganya, muulize daktari. Ni haki yako kujua unaumwa nini.

Fahamu pia kwamba toleo jipya, ICD-11, lilianza rasmi Januari 1, 2022 na namba zake zimebadilika. Usilinganishe karatasi ya toleo moja na ya jingine.

La mwisho: maumivu makali ya tumbo yenye kutapika, tumbo kujaa na kushindwa kutoa haja au hewa si ya kusubiri dawa ya duka. Wahi hospitali.