Mwamba na Mchanga: Fundisho la Mto Wetu

Mfano wa Bwana wetu juu ya wajenzi wawili, yule wa mwambani na yule wa mchangani, tumeusikia tangu utoto. Lakini sisi tukaao Kisangani twaweza kuusoma pia ukingoni mwa Mto Kongo.

Karibu na mji wetu ndipo yanapokoma maporomoko saba ya Boyoma. Katika mwendo wa kilomita 100 hivi maji hushuka mita 60 hivi, yakipita juu ya miamba. Wavuvi Wagenya waliijua miamba hiyo kabla ya wageni kufika. Katika matundu yaliyochimbwa na maji yenyewe walisimamisha magogo makubwa, wakayafunga kwa kamba za mwituni, wakatundika migono yao. Magogo hayo hushindana na maji makali kwa kuwa yameshikwa na jiwe. Basi, desturi ya kuupima mwamba kabla ya kujenga haikuletwa na meli.

Mwaka 1897 Padre Gabriel Grison alifika, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Mwaka 1906 reli ya kilomita 125 ilifunguliwa ng'ambo ya kushoto, mpaka Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Mainjinia hawakujaribu kuyashinda maporomoko, waliyazunguka.

Lakini mji ulipokua, maskini wengi walipata viwanja mabondeni na kando ya vijito tu. Mwaka 1961 Mto Kongo ulifurika kupita kiasi. Miaka ikapita, na watu husahau. Januari 2024 vipimo vya Kinshasa vilionyesha maji ambayo hayajaonekana kwa miaka zaidi ya 60, na mkoa wetu wa Tshopo ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopatwa. Tena mto si hatari pekee. Mvua kubwa ikiangukia udongo wa mchanga uliovuliwa miti yake, hufungua makorongo yanayokula njia na nyumba.

Hapo ndipo inapotufaa elimu iitwayo jiolojia ya ujenzi. Wajuzi wake huchimba mashimo, hupima jinsi udongo unavyokunywa maji, hutafuta mwamba ulipo, huandika alama za mafuriko ya zamani. Kisha huchora ramani: hapa jengeni, hapa limeni bustani, hapa pitisheni mfereji. Mvua hawawezi kuizuia, ila huweza kutuonya mapema.

Nasi tunayo sehemu yetu. Wazee watuonyeshe maji yalikofika zamani. Taka zisitupwe mifereji­ni. Mianzi na majani yapandwe penye vichwa vya makorongo. Na yeyote agawaye viwanja akumbuke kwamba kumwuzia maskini bonde la maji, hali akijua, ni dhambi mbele ya Mungu. Maana mvua hutoka mbinguni, bali mahali pa kumlaza mtoto huchaguliwa na watu.