Kukasimu: Madaraka Hugawanyika, Wajibu Haugawanyiki

Jumatatu moja nilikaa kwenye benchi la chama kimoja cha akiba na mikopo, nikisubiri mkopo wa ada ya mtoto. Fomu ilikuwa imejazwa, wadhamini wametia saini, mhasibu ameipitia. Ilibaki saini moja tu, ya mwenyekiti, naye alikuwa safarini. "Njoo Alhamisi, mama," mhasibu aliniambia kwa upole, akairudisha fomu kwenye faili lililokwisha kuvimba kwa fomu za wenzangu. Hapakuwa na mvivu pale, wala mwizi. Kilichokosekana kina jina lake katika Kiswahili: kukasimu.

Kukasimu madaraka ni kumpa mtu aliye chini yako sehemu ya mamlaka yako, aamue na atende kwa niaba yako ndani ya mipaka uliyomwekea. Neno limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kugawa, na ndugu zake tunao: kasma, lile fungu la fedha katika bajeti, na jina la Kasimu, yaani mgawaji. Anayetoa amekasimu, anayepokea amekasimiwa. Wapo wanaosema kukasimisha, kwa maana ileile.

Wengi hulichanganya na kukaimu. Kukaimu ni kukalia kiti cha mtu kwa muda. Kaimu mkurugenzi hushika ofisi nzima mpaka mwenyewe arudi au ateuliwe mwingine. Kukasimu hakungoji kiti kiwe wazi. Mkurugenzi yupo mezani kwake, na bado afisa wake anaamua.

Kuna pia kugatua, ambako madaraka yenyewe huhama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka kaunti 47, na kazi ambazo Katiba imezikabidhi kaunti, gavana hazifanyi kwa hisani ya Nairobi. Madaraka yaliyokasimiwa, aliyeyatoa anaweza kuyarudisha kwa barua moja. Yaliyogatuliwa na Katiba hayarudi kwa barua.

Uzito wa istilahi hii uko hapa: aliyekasimu bado ndiye wa kuulizwa. Afisa akikosea, mwenyekiti ndiye atakayesimama mbele ya mkutano mkuu kutoa maelezo. Kwa sababu hiyo wapo viongozi wanaoogopa, wakang'ang'ania kila saini. Wapo na wanaosema "wewe shughulikia," bila mipaka wala nyenzo, kisha mambo yakiharibika wanamnyooshea kidole mdogo wao. Wa kwanza amebana, wa pili ametelekeza. Hakuna aliyekasimu kati yao.

Watu husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, lakini tazama jahazi likiwa baharini. Mmoja ameshika usukani, wengine wako kwenye tanga, mwingine anafua maji. Nahodha ni mmoja, na akipitiwa na usingizi usiku chombo hakisimami. Kila baharia anajua kazi yake inaanzia wapi, na ni jambo gani hata saa nane za usiku lazima amwamshe nahodha.

Ndivyo ilivyo kwa taasisi. Kiongozi anayefaa hupimwa kwa kazi inayokwenda asipokuwepo, na kwa kukubali kuulizwa juu ya kazi hiyo akirudi. Kukasimu kwa kweli huandikwa: nani, jambo gani, kiasi gani, mpaka lini, na taarifa itolewe vipi.

Kwa chama kile ingetosha sentensi moja: "Meneja ataidhinisha mikopo ya ada isiyozidi shilingi 500,000 hadi mwisho wa mwaka, na kila Ijumaa atamkabidhi mwenyekiti orodha yake." Mwenyekiti angebaki mwenyekiti, na orodha angeisoma na kuijibia. Nasi tuliokuwa kwenye benchi tungekwenda kulipa ada siku ileile.