Kikundi cha akina mama Ukambani: wasiwasi wa anayetaka kujiunga

Kikundi cha akina mama, kama kinavyojulikana katika kaunti za Kitui na Makueni, ni umoja wa hiari wa wanawake, aghalabu majirani, wanaokutana kila wiki au kila mwezi kuchanga, kukopeshana na kufanya kazi pamoja. Majina kama Wendo, Muuo, Ngwatanio na Wikwatyo hujirudia kijiji baada ya kijiji. Kwa mgeni ni mikutano ya kawaida chini ya mwembe. Kwa mwanamke ambaye hajaandikisha jina, kuna maswali ya kujibiwa kwanza: nitaweza mchango? Nitamdhamini nani? Mume atasema nini?

Mzizi wa vikundi hivi ni mwethya, utaratibu wa zamani wa Wakamba ambapo mwenye kazi kubwa, iwe kulima au kujenga nyumba, aliwaita majirani na kuwapikia. Zamu yao ilipofika, naye akaenda. Hapakuwa na daftari wala kiingilio. Baada ya 1946 serikali ya kikoloni iliugeuza utaratibu huo kuwa kazi ya amri, ikiwachimbisha watu wa wilaya ya Machakos, iliyojumuisha Makueni ya leo, matuta ya kuzuia mmomonyoko. Amri hiyo ilichukiwa. Katika miaka ya 1950 kamba ililegezwa na wanakijiji wakaachiwa kuchagua viongozi wao. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta mshahara, majembe yalibaki mikononi mwa wanawake. Matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, yalienea milima kwa milima. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba ardhi ya Machakos ilikuwa na hali bora kufikia 1990 kuliko ilivyokuwa miaka ya 1930, ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano.

Basi wasiwasi wa kwanza, na ulio wa kale kuliko wote, ni wa mgongo. Katika vikundi vinavyojenga mabwawa ya mchanga, kazi ni ngumu kweli kweli. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukingama mto wa msimu. Mvua zikinyesha, mto hushusha mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga huo maji hujificha mbali na jua, wakati mwingine hadi asilimia 40 ya ujazo wake. Shirika la SASOL, lililoanzishwa Kitui mwaka 1990, limesaidia kujenga mamia ya mabwawa ya aina hii. Kwa kawaida shirika huleta saruji na fundi. Mawe, mchanga na maji ya kuchanganyia huletwa na wanakikundi, na wengi wao ni wanawake. Mjamzito, mgonjwa au mwenye mtoto mchanga huuliza, na ana haki ya kuuliza, kama atatozwa faini akikosa. Vikundi vingi huruhusu kumtuma mtu badala yake. Asiye na wa kumtuma hulipa. Linalowaudhi wanachama ni kwamba bwawa likishajaa, hata jirani ambaye hakubeba jiwe huchota maji, na hakuna anayethubutu kumfukuza.

Wasiwasi unaosemwa kwa sauti zaidi ni wa pesa kuliwa. Kinga zake zinajulikana. Katiba ya kikundi hutaja sahihi tatu za benki: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Vikundi vinavyoweka akiba kijijini hutumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, mtindo ulioanza na vikundi vya wanawake vya shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima. Pesa huhesabiwa mbele ya wote, mkutano ukiendelea. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 michango mingi hupita kwenye simu na kuacha ushahidi wa ujumbe, ingawa simu yenyewe huwa ya mtu mmoja, na hapo ndipo ufa hupatikana. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi na katiba yake kabla ya kupewa cheti. Mgeni mwerevu huomba kuiona katiba hiyo kabla ya kutoa hata shilingi.

Kudhaminiana kunatisha zaidi ya wizi, kwa kuwa kunamgusa mtu asiye na kosa. Mikopo ya hazina ya serikali ya biashara za wanawake, WEF, iliyoanzishwa 2007, haina riba, ila ada ya kuishughulikia. Hazina ya Uwezo ilifuata mwaka 2013. Zote hupitia kikundi. Mmoja akishindwa kulipa, wenzake hulipa. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo mkulima wa Ukambani huzitegemea kuliko zile za Machi, zikikosekana, huwa si mmoja anayeshindwa: wote waliokopa kununua mbegu za pojo na kunde hukwama pamoja, dhamana ikawa haina wa kuibeba. Yule mmoja aliyekopea kibanda cha mboga akakwama peke yake ndiye anayetembelewa nyumbani na wenzake, na mbuzi au sufuria huondoka. Uadui wa aina hii hudumu kuliko deni, maana watu hao wanateka maji mahali pamoja na kusali kanisa moja.

Hata hivyo, wizi na udhamini ni wasiwasi wa wale ambao tayari wana uwezo wa kuingia. Kikwazo kikubwa zaidi hakizungumzwi sana mkutanoni, kwa sababu anayekabiliwa nacho hayupo mkutanoni: mchango uliowekwa kiwango kimoja kwa wote. Mwethya ulimdai mtu nguvu za mikono yake, na mjane maskini alikuwa nazo sawa na mke wa mwalimu. Mzunguko wa fedha, ambapo michango ya wote hupewa mmoja mmoja kwa zamu, humdai shilingi, kila wiki, mvua iwe imenyesha au la, na faini juu yake akichelewa. Mwanamke anayeishi kwa vibarua vya msimu huona aibu ya kukosa mchango mara mbili mfululizo kuwa mbaya kuliko kutojiunga kabisa. Matokeo yake, vikundi vya kijiji kimoja hujipanga kwa uwezo, na wale ambao tangi la maji, mbuzi wa maziwa au mkopo wa karo ungewafaa zaidi hubaki nje. Baadhi ya vikundi hupunguza kiwango au kukubali mchango wa mahindi na kazi ya mikono, kama kusuka viondo vya mkonge vya kuuza. Ni suluhisho la busara, lakini linahitaji mweka hazina mvumilivu.

Kuhusu waume, maneno ni mengi kuliko haja. Wapo wanaodai kikundi ni cha umbea, na wapo wanaotaka kujua pesa za zamu zitafika lini. Bibi harusi mgeni kijijini mara nyingi huingizwa na mama mkwe wake, jambo linalomfungulia mlango na kumfunga mdomo kwa wakati mmoja.

Siasa nayo imo. Charity Ngilu, aliyechaguliwa mbunge wa Kitui ya Kati mwaka 1992, akawania urais 1997 na kuwa gavana wa Kitui kuanzia 2017 hadi 2022, alipata nguvu zake za mwanzo kwa wanawake wa vikundi. Tangu hapo kila mgombea anajua zilipo kura. Mwanachama mpya anaweza kujikuta amevishwa leso yenye picha ya mtu asiyempigia kura.

Wasiwasi huu hauishii kijijini. Katika vyuo, kama Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, Kitui, msichana hakutani na udugu wa wanawake wa vyuo vya Marekani, ule wa nyumba za pamoja na majina ya herufi za Kigiriki, kama Alpha Kappa Alpha ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908. Hukutana na umoja wa Wakristo, chama cha wanafunzi wa nyumbani kwao na mizunguko midogo ya bweni. Lakini maswali yanafanana: ada, muda unaoibwa masomoni, na kama urafiki utabaki mtu akijiondoa.

Kujiondoa, kwa kweli, ndiko kunakoandikwa vibaya zaidi katika katiba nyingi. Anayeondoka kabla ya zamu yake hurudishiwa alichochanga, pengine kikiwa kimekatwa faini. Aliyekwisha kupokea hudaiwa hadi mzunguko uishe. Anayeingia katikati hulipa michango yote iliyompita ili alingane na wenzake, na kwa wengi hilo ni fungu kubwa mno. Ndiyo maana majina mapya huandikwa zaidi Januari, baada ya sanduku kufunguliwa Desemba na akiba kugawanywa, ingawa ni mwezi huo huo wa karo za shule.