Utani, Matusi na Kandanda: Mafunzo Kutoka Njombe na Makambako

Anayetaka kuifahamu jamii na aende mahali inapokusanyika kucheza. Huko ndiko ulimi hufunguka, na yale ambayo moyo umeyaficha nyumbani na kazini hutoka hadharani. Mtu mzima ambaye tangu asubuhi amewaamkia wazee kwa adabu, akampisha mama mjamzito njiani, akazungumza na mwalimu wa mwanawe kwa upole, akifika kwenye uwanja wa mpira huweza kumtukania mama kijana aliyekosa kufunga bao. Tena kijana huyo si wa upande wa adui. Ni mchezaji wa timu ya mtukanaji mwenyewe.

Jambo hili limezoeleka hata tumeacha kulistaajabia. Makala haya yanakusudia kulistaajabia upya kwa kulitazama katika historia, na mfano wetu ni nyanda za juu za Njombe pamoja na mji wa Makambako. Swali letu ni hili: je, matusi ya washabiki kwa wachezaji wao ni sehemu ya utamaduni wetu, kama wengi wanavyodai wakisema kwamba "huo ni utani tu"? Au ni kitu kingine kilichovaa nguo za utani?

Ili kulijibu swali hilo, kwanza hatuna budi kukumbuka utani ulikuwa nini.

Nchi ya Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni nchi ya Wabena, na jirani zao ni Wahehe upande wa kaskazini, Wakinga na Wapangwa upande wa kusini-magharibi, na Wangoni upande wa kusini. Katika karne ya kumi na tisa ujirani huu ulikuwa wa mkuki. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na Wabena walikuwa katikati ya pande hizo mbili zenye nguvu. Kisha wakaja Wajerumani. Mwezi Septemba mwaka 1905, wakati Vita vya Majimaji vilipowafikia, Wabena walioongozwa na Mtwa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe ya leo. Nchi iliyopita katika misukosuko ya namna hiyo ilihitaji njia ya kuishi na aliyekuwa adui jana.

Njia mojawapo ilikuwa utani. R. E. Moreau, aliyeandika juu ya utani katika Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940, alionyesha kwamba aghalabu makabila yaliyotaniana yalikuwa yamewahi kupigana, na kwamba Wangoni, waliopigana na wengi, walikuwa pia na watani wengi. Mkuki uliwekwa chini, ulimi ukachukua mahali pake. Mtani aliweza kumwita mwenzake mtumwa wake, akachukua kuku wake bila ruhusa, akamcheka mbele ya watu. Msibani mtani aliweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, au kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kusema, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Lakini mchezo huo ulikuwa na sheria, na sheria zake zilijulikana na kila mtu. Sheria ya kwanza: utani ni wa pande mbili. Anayetania hukubali kutaniwa, na anayetaniwa ana haki kamili ya kujibu. Sheria ya pili: utani una mipaka ya nasaba. Babu na mjukuu hutaniana, mabinamu hutaniana, shemeji na shemeji hutaniana. Lakini mtu hamtanii mkwewe, wala mtoto hamtanii baba yake. Sheria ya tatu, ambayo ndiyo nguzo ya zote: utani unafuatana na wajibu. Yule yule anayekutukana msibani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayepika, ndiye anayewatuliza wafiwa. Haki ya kumcheka mwenzako ililipiwa kwa jasho.

Watu wa Njombe waliibeba sheria hii safarini. Wakati wa ukoloni vijana wengi wa Kibena na Kikinga walikwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Huko, mbali na ukoo, mtu akifa nani angemzika? Mara nyingi alikuwa mtani. Utani ulikuwa chama cha kuzikana kabla ya vyama vya kuzikana kuwa na madaftari na viingilio.

Makambako nao ni mji wa safari. Upo kilometa zipatazo 60 kutoka Njombe, mahali ambapo barabara ya kwenda Songea inaiacha barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita hapo, na barabara ya Songea ilipotiwa lami katika miaka ya 1980 mji ulizidi kukua. Wafanyabiashara, madereva, wachukuzi na wakulima wa kila kabila wamekutana hapo. Mji wa namna hii unahitaji mahali pa kuwafanya wageni kuwa wenyeji, na katika Tanzania ya karne ya ishirini mahali hapo palikuwa, zaidi ya pengine pote, uwanja wa mpira.

Sasa tuutazame mpira wenyewe. Kandanda ililetwa na wageni, lakini haikukuta uwanja mtupu. Katika miji ya pwani na baadaye ya bara kulikuwa na ngoma za beni, ambazo mwanahistoria Terence Ranger alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975. Wachezaji wa beni waligawanyika katika pande mbili, Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi, kwa vyeo na kwa nyimbo za kuwakejeli wapinzani. Klabu za mpira za Dar es Salaam zilizaliwa katika mji uliokwisha kuzoea mashindano ya namna hiyo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, na kuanzia mwaka 1971 Simba, ilianza mwaka 1936. Hadi leo klabu hizi mbili huitwa "watani wa jadi."

Jina hilo ni ushahidi mkubwa. Wananchi walipotafuta neno la kuueleza uhusiano wa Simba na Yanga, hawakuchukua neno "maadui." Walilichukua neno la mababu. Yanga waliposhinda mabao 5–0 mwaka 1968, na Simba waliposhinda mabao 6–0 mwaka 1977, walioshinda walipata maneno ya kuwacheka wenzao kwa miaka mingi. Walioshindwa waliyavumilia wakingojea zamu yao. Hapo sheria ya pande mbili ilitimizwa.

Hebu tuone basi mahali mambo yalipogeuka. Katika utani, kejeli huvuka uzio na kwenda upande wa pili. Katika matusi tunayoyazungumzia, kejeli haivuki: hurudi ndani na kumwangukia mwana wa nyumba. Tena huyo aliyeangukiwa hawezi kujibu. Akijibu kwa maneno au kwa ishara, refa yupo na kadi yake. Akikaa kimya, huambiwa hana uchungu na timu. Sheria ya kwanza ya utani imevunjwa. Mtukanaji hatachimba kaburi lolote wala kumtuliza mtu yeyote. Mpira ukiisha huenda zake. Sheria ya tatu nayo imevunjwa. Na mama wa mchezaji, anayetajwa katika tusi lililo kubwa kuliko yote, ni mtu wa makamo ya mkwe au mzazi, ambaye utani haukumgusa kamwe. Sheria ya pili imevunjwa vile vile. Kwa hiyo anayesema "huo ni utani tu" anawasingizia mababu.

Kuna sababu kadha wa kadha za mageuzi haya. Ya kwanza ni swali la nani ni mwenyeji. Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012, na timu yake ya kwanza kufika Ligi Kuu baada ya hapo ilikuwa Njombe Mji, iliyopanda kwa msimu wa 2017/18. Mwezi Septemba mwaka 2017 Yanga walifika Uwanja wa Sabasaba mjini Njombe wakashinda 1–0. Mtu asiyeujua mpira wetu angedhani kwamba timu ya mkoani ikicheza kwao huwa na watu wote nyuma yake. Sivyo. Katika miji mingi ya Tanzania mtu huzaliwa Simba au Yanga kabla hajaijua timu ya mji wake, na siku wakubwa hao wanapokuja, majukwaa hujaa rangi zao. Timu ya nyumbani hucheza nyumbani kama mgeni. Mtu mwenye mapenzi mawili ni mwepesi wa kulitukana pendo la pili.

Sababu ya pili ni shaka. Timu ikifungwa, ni vigumu kwa mshabiki kukubali kwamba wapinzani walikuwa hodari zaidi. Husema kipa ameuza mechi, au beki amepewa fedha, au kuna mkono wa mganga. Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Hatusemi kwamba hongo haijapata kuingia katika mpira. Tunasema kwamba tuhuma isiyo na ushahidi, ikipigiwa kelele na watu elfu, humtia mtu doa lisilofutika kwa sabuni.

Sababu ya tatu ni fedha. Zamani mchezaji wa timu ya mji alikuwa kijana wa mtaani, fundi au karani, na aliyemtukana alijua kwamba kesho watakutana sokoni. Leo mchezaji hutoka mbali kwa mkataba, na anayetoa kiingilio hudhani kwamba amenunua na haki ya kumdhalilisha. Juu ya hayo umekuja mchezo wa kubahatisha. Kijana mwenye "mkeka" wake mfukoni hautazami tena mchezo, anaitazama fedha yake. Na mkeka ukichanika, humlaani mchezaji kama mtu aliyemwibia.

Ubaya huu si wetu peke yetu. Mwaka 1950 Brazili ilifungwa 2–1 na Uruguay katika uwanja wa Maracanã, na kipa Moacyr Barbosa alibebeshwa lawama ya taifa zima mpaka alipofariki mwaka 2000. Mwaka 1994 Andrés Escobar wa Kolombia, aliyejifunga bao katika Kombe la Dunia, aliuawa kwa risasi siku chache baada ya kurudi kwao. Huo ndio mwisho wa njia ambayo mwanzo wake ni neno moja lililotupwa kutoka jukwaani.

Lakini taifa letu lina mfano mwingine. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari aliumia mguu katika mbio ndefu za Marathoni, akaendelea kukimbia huku amefungwa bandeji, akawa wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliomaliza. Mshindi alikuwa amefika zaidi ya saa nzima kabla yake. Watanzania hawakumzomea. Walimtia katika kumbukumbu za taifa kama shujaa, kwa sababu walitambua kwamba alikuwa amewatumikia mpaka mwisho. Ikiwa tuliweza kumheshimu wa mwisho kule Mexico, kwa nini tusiweze kumheshimu wa mwisho pale Sabasaba?

Msimu wa 2017/18 ulipomalizika, timu mbili zilishuka daraja: Njombe Mji, na Majimaji ya Songea. Barabara inayoanzia Makambako ilipoteza timu zake zote mbili kwa mpigo, ya Wabena na ya Wangoni, wajukuu wa watu waliopigana na kusumbuana katika karne ya kumi na tisa. Hapo palikuwa na nafasi nzuri ya utani wa kweli: kila upande kuucheka mwingine, na kisha kuomboleza pamoja.

Haisemwi hapa kwamba mshabiki awe bubu. Kukosoa ni haki yake, na mchezo bila kelele ni kama ngoma bila mwitikio. Lakini lugha yetu ina maneno matatu, nayo hayana maana moja: kukosoa, kutania na kutukana. Anayekosoa husema juu ya tendo: "Mpira umeuachia mapema mno." Anayetania humwendea anayeweza kumjibu. Anayetukana humwendea aliyefungwa mikono. Sheria ya nchi nayo hailichukulii jambo hili kuwa la mzaha. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 89, inakataza lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani, na haikuuweka uwanja wa mpira nje ya nchi.

Hata hivyo sheria pekee haitoshi. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili michezo ijenge taifa, na ujenzi huo huanzia katika uwanja wa shule. Mwalimu anayeisindikiza timu yake kwenye UMISSETA anawaongoza wachezaji kumi na mmoja uwanjani, lakini nje ya mstari anaongoza mamia. Hao ndio washabiki wa kesho. Na awafundishe nyimbo za kuwatania wapinzani, kisha awatake wapinzani wajibu. Na awaulize wanafunzi wake, kipa wao anapofungwa bao la pili na bado kuna dakika arobaini za kucheza, ni nani atakayezuia la tatu. Ni kipa yule yule. Wahenga walikwisha kutuonya: mtukana wakunga na uzazi ungalipo.