Kuuguza kwa Pamoja: Dua na Msaada kwa Mgonjwa wa Moyo

Mtu aliye na jamaa mgonjwa nyumbani husema, "Ninauguza." Neno hili limetokana na kuugua, na kwa sarufi ni kitenzi cha kusababisha, lakini hakuna Mswahili anayedhani kuwa anayeuguza ndiye aliyeuleta ugonjwa. Maana yake ni kwamba ugonjwa una watu wawili au zaidi: yule aliyelala, na wale wanaoubeba pamoja naye. Hata muuguzi, kabla halijawa jina la mtumishi wa hospitali, alikuwa ni mama, shangazi au ndugu aliyekesha kando ya kitanda. Insha hii yaeleza jinsi desturi hiyo ilivyojengeka nchini Tanzania, na jinsi inavyopimwa na ugonjwa wa moyo, ambao ni mrefu, umejificha kifuani, na tiba yake ni ya gharama kubwa.

Wazee wetu waliutambua ugonjwa huu kwa dalili zake. Waliona pumzi fupi, miguu iliyovimba, moyo kwenda mbio, na mgonjwa asiyeweza kulala chali bali huketi usiku kucha ameegemea ukuta. Uvimbe uliweza kuitwa safura. Pengine ulihesabiwa kuwa alama ya ugomvi uliofichwa katika ukoo, na hapo mganga aliuliza kwanza habari za watu: nani hasemi na nani, deni gani halijalipwa, mzimu gani umesahauliwa. Katika makabila mengi tambiko halikufanyika mpaka waliokosana wamesema mbele ya wote. Tusiseme kwamba kupatana huko kuliponya moyo ulioharibika. Hata hivyo kuliwakusanya jamaa wote mahali pamoja, na mgonjwa hakuachwa mikononi mwa mtu mmoja tu. Mtaalamu John Janzen, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu tiba miongoni mwa Wakongo wa sehemu za magharibi za nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, alionyesha kwamba uamuzi wa kwenda kwa mganga au hospitalini hukatwa na kikao cha jamaa, wala hauachiwi mgonjwa peke yake. Msomaji wa Tanzania hatashangaa kusikia hayo, maana vikao vya namna hiyo anavijua.

Katika pwani, Uislamu uliipa desturi hii sura yake. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake. Jirani akizidiwa, watu hukusanyika baada ya sala wakamsomea Yasini. Watoto wa chuo hualikwa, wakapewa sadaka ili nao waombe. Mwalimu huandika kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji au marashi ya mawaridi, na mgonjwa akanywa. Wakati kisomo kikiendelea barazani, wanawake wako uani wakipika uji na kufua nguo za mgonjwa. Waandishi wengi wameeleza habari za baraza na kuusahau uani, ilhali kazi iliyompa mgonjwa nguvu ya kuiona kesho ilifanyika huko zaidi. Wahenga walisema: mgonjwa haulizwi uji. Anayengoja aombwe ndipo apike hajui kuuguza.

Kwa Wakristo mabadiliko makubwa yalitokea katika miaka ya 1970. Wakatoliki walikuwa wamezoea sakramenti iliyoitwa Mpako wa Mwisho, na padri alipoonekana na mafuta, nyumba nzima iliangua kilio, kwani ilifahamika kuwa mtu anakufa. Kufuatia Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ibada hiyo ilipangwa upya mwaka 1972 na kuitwa Mpako wa Wagonjwa. Sasa ilimfaa mtu aliye katika ugonjwa mzito hata kama anatumaini kupona, kwa mfano anayesubiri kupasuliwa. Katika miaka hiyo hiyo, 1973 na 1976, maaskofu wa Afrika ya Mashariki waliamua kuzikazania jumuiya ndogo ndogo, ambamo majirani wachache husali nyumbani kwa zamu. Mgonjwa asiyeweza kupanda kilima kwenda kanisani alianza kufikiwa na kanisa kitandani kwake.

Mijini nako, ambako wengi walikuwa mbali na ukoo wao, watu walijitengenezea ukoo mwingine. Vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilivyojulikana sana kabla na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, havikuwa vya kucheza tu; wanachama walisaidiana katika ugonjwa na mazishi. Ni aibu kwamba wanafunzi wetu huvijua vyama hivyo kwa mavazi yake na hawavijui kwa michango yake.

Tiba ya moyo ilikuja baadaye sana. Kwa muda mrefu mgonjwa aliyehitaji kufunguliwa kifua hakuwa na njia ila kupelekwa nje ya nchi, aghalabu India. Upasuaji wa namna hiyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikafunguliwa taasisi ya moyo hapo hapo, iliyopewa jina la Rais Jakaya Kikwete. Upasuaji huo wahitaji damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Hapa ndipo desturi ya kale ilipopata kazi mpya: watu wale wale wanaokusanyika kwa dua ndio wanaoweza kuombwa wanyoshe mkono watolewe damu. Gharama nazo zilibadilika. Wananchi waliokuwa wakitibiwa bure katika hospitali za serikali walianza kuchangia mwaka 1993. Mfuko wa bima ya afya wa taifa ulianza kazi mwaka 2001, na sheria ya bima ya afya kwa wote ikapitishwa mwaka 2023. Katika miaka yote hiyo, daftari la mchango lililopita nyumba kwa nyumba halikupumzika.

Je, dua yenyewe huponya moyo? Huko Marekani matokeo ya jaribio kubwa yalichapishwa mwaka 2006: wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo, katika hospitali 6. Baadhi waliombewa na watu wasiowajua, waliopewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi moja ya jina la ukoo. Maombi hayo hayakupunguza matatizo baada ya upasuaji. Na waliohakikishiwa kuwa wanaombewa walipata matatizo zaidi, asilimia 59, kuliko walioombewa bila kuwa na hakika, ambao walikuwa asilimia 52. Mwumini ataweza kujibu kwamba Mungu hapimwi kwa mizani, nami sitabishana naye. Lakini kilichopimwa pale ni dua iliyotenganishwa na jirani. Katika desturi yetu anayeomba anamjua mgonjwa, anajua mlango wake, na hufika na kikapu.

Desturi hii ina madhara yake pia, na si uungwana kuyafunika. Mgonjwa wa moyo huhitaji utulivu. Wageni ishirini katika chumba kimoja, kila mmoja akitaka asimuliwe habari tangu mwanzo, humchosha kuliko ugonjwa. Baya zaidi ni pale dua inapowekwa mahali pa dawa. Ugonjwa mmoja wa moyo unaowapata sana watoto wetu huanza na mafindofindo ya kawaida. Yasipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, inayoumiza viungo na kuharibu vilango vya moyo, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Aliyekwisha kupata homa hiyo hukingwa isirudi kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Watu wakisema kwamba mtoto amekwisha kuombewa na hana haja ya sindano, huweza kumpoteza.

Sindano hizo zinaonyesha pia mahali ambapo kuuguza kwa pamoja bado ni kuchanga. Siku ya kupasuliwa kwa mtoto, ukumbi wa hospitali hujaa jamaa, majirani na wanakwaya. Baada ya miezi sita mtoto amerudi shuleni, havimbi wala hahemi, na wengi wanaamini kazi imekwisha. Aliyewekewa kilango cha chuma hana budi kumeza dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Anayedungwa penisilini hana budi kwenda zahanati kila mwezi, mvua ikinyesha au shamba likingoja. Mara nyingi safari hiyo huenda mama na mtoto peke yao, na mwalimu wa darasa, asiyejua kwa nini mtoto hayupo shuleni, huandika katika daftari la mahudhurio kuwa ametoroka.